Mke wangu anadhani nina mwanamke mwingine, kumbe nawahi kumaliza

Shangazi, asalaam alaykum.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, nauza spea za magari hapa Kampala. Nimekulia kambini, marehemu baba alikuwa mwanajeshi, na mke wangu ni Mnubi wa Bombo, kwa hiyo nyumbani kwetu ni Kiswahili tu. Tuna miaka sita ya ndoa na binti mmoja wa miaka minne. Naandika haya nikiwa dukani, wenzangu wameshafunga, kwa sababu sina pengine pa kuyasemea.

Tatizo langu ni kwamba nawahi kumaliza. Zamani haikuwa hivi. Tulipooana nilikuwa najimudu na mke wangu hakuwa na neno. Sasa yapata miaka miwili, nikiingia tu mambo yamekwisha, wakati mwingine hata yeye hajajiweka sawa. Mwanzoni nilimwambia ni uchovu. Baadaye nikasema ni mawazo ya kodi ya duka. Siku hizi sisemi kitu, nageukia ukutani.

Tunakaa muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, Ndeeba. Kitanda chetu kiko upande huu, cha mtoto upande ule, katikati pazia. Mtoto akikohoa, tunasimama. Mpangaji wa pili akiburuta ndoo yake ya maji, utadhani anaiburuta humu humu ndani. Tumezoea kufanya kimyakimya na haraka haraka, labda mwili nao umezoea hivyo, sijui. Na kuna jambo ambalo naona haya hata kuliandika: siku hizi nikianza tu, naogopa itanilalia katikati. Basi naharakisha kabla haijalala.

Nilinunua unga wa mizizi kwa yule anayetangaza kwa spika kule Arua Park. Kichwa kiliniuma na moyo ukanienda mbio usiku kucha. Halafu rafiki yangu mmoja wa boda akanipa vidonge vya maumivu, tramadol, akasema vinachelewesha. Kweli vilichelewesha. Nilianza na kimoja, sasa bila viwili sipati kitu, na siku nisiyomeza natokwa jasho, mwili unauma na usingizi hauji. Mke hajui habari ya unga wala ya vidonge.

Kwenye simu nimeona video za wanaume wanaokwenda nusu saa nzima. Mimi hata dakika sifikishi. Nadhani nilijiharibu mwenyewe ujanani kwa kujichua.

Sasa mke wangu anasema nina mwanamke nje. Na ukimsikiliza ana sababu zake. Nachelewa kurudi makusudi ili nimkute amelala. Pesa haionekani. Usiku naamka mara tatu, mara nne kwenda haja ndogo, na choo kiko nje, cha wapangaji wote, kwa hiyo nabeba simu kwa ajili ya tochi. Yeye anachokiona ni mume anatoka na simu saa nane za usiku. Juzi alinifuata mpaka mlangoni. Anataka tupate mtoto wa pili, na ameshanitamkia kwamba akichoka atakwenda Bombo kwa shangazi yake, wazee wakae.

Nikimwambia ukweli, nahofia atanidharau na habari zitafika kwao. Nisipomwambia, ataondoka kwa kosa ambalo sikulifanya. Nimefikiria nijitibu kwanza kimya, nikipona ndipo niseme. Unanishauri nini?

Mwenye duka, Ndeeba

*

Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma polepole. Ni mzigo mzito ulioubeba peke yako kwa muda mrefu, na nafurahi kwamba umeutua mahali.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza jambo moja: useme kwanza au upone kwanza. Lakini ndani ya barua yako mna mambo matatu. Kuna mwili uliobadilika. Kuna vidonge ambavyo vimeanza kukushika. Na kuna mke anayejaza kwa mawazo yake mahali ulipokaa kimya. Wewe yote umeyapa jina moja, kuwahi kumaliza. Ninavyoyaona mimi, hayo matatu hayatatibika kwa dawa moja.

Umeandika maneno haya: "Zamani haikuwa hivi." Umeyapita upesi, nami naomba tuyarudie, kwa sababu daktari yeyote atataka kuanzia hapo. Mwaka 2014 jopo la wataalamu wa kimataifa wa tiba ya masuala ya kujamiiana lilikubaliana kuwagawa wanaume wenye shida hii katika makundi mawili. Wapo walio hivyo tangu mara yao ya kwanza kabisa, na wao humaliza ndani ya dakika moja hivi, karibu kila mara. Wapo wengine ambao walikuwa sawa, kisha wakabadilika, muda ukashuka mpaka kama dakika tatu au chini ya hapo. Makundi yote mawili yana mambo mengine mawili yanayofanana: mtu anashindwa kujizuia, na hali hiyo inamsumbua. Wewe uko kwenye kundi la pili. Na kundi la pili mara nyingi lina kitu kilichoanza nyuma yake, ambacho kikipatikana na kutibiwa, haraka nayo hupungua.

Ndiyo maana sentensi uliyoionea haya naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Unaharakisha kabla haijalala. Mwanangu, wanaume wengi wanaokuja na malalamiko ya kuwahi wana shida hiyo hasa: uume hausimami imara kama zamani, au unasimama bila kudumu, basi mtu bila kujijua anakimbilia mwisho kabla haujamtoka. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, kutafuta kitu cha kuchelewesha ni kutibu upande usio wenyewe. Linalotangulia ni kujua kwa nini hausimami imara.

Halafu kuna zile safari zako za usiku. Umeziandika kwa sababu mkeo anazishuku. Mimi nimeziona kwa sababu nyingine. Mwanaume wa miaka 38 anayeamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, na nguvu zimepungua, anahitaji kupimwa sukari. Kisukari huharibu polepole mishipa ya damu na ya fahamu, na uume ni miongoni mwa sehemu zinazoonyesha mapema. Sisemi unacho. Pengine unakunywa soda au vinywaji vya kutia nguvu mpaka jioni pale dukani, pengine ni maambukizi ya tezi dume, ambayo nayo huleta kukojoa mara kwa mara, maumivu kwenye kinena, na yanajulikana kuambatana na kuwahi kumaliza. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi nayo huweza kuleta kuwahi. Mtu hukonda, mikono hutetemeka, moyo huenda mbio. Siwezi kuyajua haya kwa barua. Kupima sukari kwa kuanzia ni kuchomwa kidole tu. Presha nayo ipimwe siku hiyo hiyo, na mkojo.

Sasa tramadol. Hapa niruhusu niseme kwa nguvu kidogo, kwa sababu ndipo ninapokuhofia. Ni kweli inachelewesha. Lakini ni dawa ya ukoo mmoja na mofini, na mwili huizoea. Jasho, maumivu ya mwili na kukosa usingizi siku usiyomeza ndizo dalili za mwili ulioanza kuitegemea. Ukiongeza dozi, hatari ya kupatwa na kifafa inaongezeka, na kupumua kunaweza kuzorota, hasa ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi. Usiizidishe. Wala usiiache ghafla kwa kujikaza kiume. Mwone mtu wa afya akupangie namna ya kuishusha kidogo kidogo. Na ukifika kwa daktari, hili ulitaje mapema, hata kabla hujaulizwa, maana baadhi ya dawa anazoweza kukuandikia kwa ajili ya kuwahi ni hatari zikikutana na tramadol mwilini.

Kuhusu ule unga, watu wetu wametafuna mizizi ya mulondo tangu zamani, na siwatukani. Lakini Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, imewahi kuonya kwamba baadhi ya unga na vidonge vinavyouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume huchanganywa na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha, bila kipimo na bila kuandikwa popote. Kichwa kuuma na moyo kwenda mbio vinaweza kutoka huko. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, akimeza kitu hicho bila kujua, presha yake inaweza kushuka ghafla akafa.

Umenitajia video za nusu saa. Zile hukatwa na kuungwa, na wanaoigiza wanalipwa. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya wanandoa wa nchi tano, Uingereza, Uholanzi, Uhispania, Uturuki na Marekani, ambao walipima muda wao kwa saa wenyewe nyumbani. Muda wa katikati ulikuwa kama dakika 5 na nusu hivi. Wapo waliomaliza kwa nusu dakika, wapo waliofika dakika 44. Sikuambii hivi ili kulifuta tatizo lako, maana ulivyolieleza ni tatizo kweli. Nataka tu usijipime kwa kipimo cha uongo. Na kujichua ujanani hakuharibu mishipa. Hata ungekuwa ndio ubaya, umenieleza mwenyewe kwamba ulijimudu miaka ya mwanzo ya ndoa, na hiyo ilikuwa baada ya ujana.

Tiba zipo, na nyingine hazihitaji hata duka la dawa. Kuna mazoezi ya kusimama na kuanza, aliyoyaeleza daktari Mmarekani James Semans mwaka 1956: unasisimuliwa kwa mkono, wako au wa mkeo, ukihisi unakaribia unaacha mpaka wimbi lipite, mnaanza tena, mnarudia mara kadhaa kabla ya kujiachia. Baadaye watafiti Wamarekani, Masters na Johnson, wakafundisha kubana kidogo chini ya kichwa cha uume wakati ule ule wa kuacha. Yapo pia mazoezi ya misuli ya nyonga, ile unayoibana kuzuia mkojo. Itambue mara moja ukiwa chooni, kisha uifanyie mazoezi ukiwa umekaa zako dukani, kubana na kulegeza, kila siku kwa majuma kadhaa. Haya yanataka subira, na wengine hurudi nyuma wakiyaacha.

Ipo krimu ya ganzi inayopakwa uumeni kabla ya tendo. Husaidia, lakini usipoiosha au usipovaa kondomu, mkeo naye atakufa ganzi, na ukiizidisha wewe mwenyewe utashindwa kusimamisha. Zipo dawa za kundi linalotibu mfadhaiko, kama paroksetini na setralini, ambazo zikimezwa kila siku kwa wiki moja au mbili huchelewesha. Zinaweza kuleta kichefuchefu, uchovu na hamu kupungua, na haziachwi ghafla. Ipo dapoksetini, inayomezwa saa moja mpaka tatu kabla, nayo huweza kuleta kizunguzungu mpaka kuzirai. Hizi ndizo nilizosema hazipatani na tramadol. Zote ni za kuandikiwa, na mwambie daktari kwamba mnatafuta mtoto, kwa sababu anaweza kuchagua tofauti.

Na hilo la mtoto lisikutishe. Mbegu zikiingia ndani, mimba inaweza kutungwa hata tendo likiwa fupi. Kinachowanyima sasa hivi ni kwamba unarudi akiwa amelala.

Nifike kwenye kile chumba. Siwezi kukuambia kwamba pazia ndilo lililokuletea haya. Wataalamu wa zamani walidhani mazingira huufundisha mwili kuharakisha, na hilo halijathibitishwa vizuri. Ila najua kwamba hofu huharakisha, na hakuna mazoezi ya kusimama na kuanza yatakayofanikiwa mkiwa mnasikilizia kikohozi. Binti yako ana miaka minne. Kama ameanza nasari, basi kuna asubuhi ambazo chumba ni chenu wawili. Duka ni lako. Lifungue saa nne siku moja moja. Au bibi yake wa Bombo amchukue wikiendi, mabibi hawakatai.

Sasa mkeo. Unahofia atakudharau. Nimeitafuta barua yako nzima mahali alipolalamikia dakika, sijapaona. Anacholalamikia ni kuchelewa, pesa, simu ya usiku, na mgongo uliogeuzwa ukutani. Wewe unadhani amekosa muda kitandani. Je, umewahi kumuuliza anachokikosa? Wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa peke yake, hata mume akikaa saa nzima. Mikono, mdomo, maneno, kutokuwa na haraka kabla na baada, hivyo havina dakika za kuhesabu. Huenda jibu lake likakushangaza, huenda likakuumiza. Mimi simjui, wewe unamjua.

Ukijitibu kwanza kimya, unalinda heshima yako kwa sasa, na kama ni jambo dogo huenda likaisha bila maneno. Lakini tiba hii si ya siku mbili, utakuwa unatoka tena kwenda mahali usipopasema, pesa itatoka tena, na shaka yake itazidi. Anaweza kuwa ameshafika Bombo kabla dawa haijafanya kazi. Ukimwambia leo kila kitu, unaondoa habari ya mwanamke kwa siku moja, ila huenda akashtuka zaidi na habari ya vidonge na pesa, akalia, akakukasirikia. Hasira hiyo itakuwa na haki yake.

Ipo njia ya katikati ambayo wengine huianza nayo: kumwambia kuhusu mwili kwanza, mchana, si kitandani. Kitu kama hiki: "Mama Fulani, sina mwanamke. Mwili wangu umebadilika, naona aibu, ndiyo maana nakukimbia. Nataka nikapime, na ningependa twende wote." Habari ya tramadol isikae sana baada ya hapo, maana akija kuikuta mfukoni mwenyewe, itakuwa siri nyingine.

Kuhusu shangazi yake, usimchukulie kama adui. Waganda wana ssenga, shangazi anayeshauri mambo ya ndoa, Wanubi wana shangazi zao, na wengi wamezinusuru ndoa. Hatari yake unaijua: likishakaa barazani hulitoi tena. Mke akilisikia kwako kwanza, mnaweza kukubaliana lifike kwa nani na liishie wapi. Akilipeleka yeye akiwa na shaka tu, kitakachojadiliwa Bombo kitakuwa uzinzi, na wewe utajitetea kwa lipi mbele ya wazee?

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu nawe, kwa sukari, presha na mkojo. Wakiona haja, hospitali ya Mulago wana madaktari wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume. Ukiingia chumbani kwa daktari, usiseme "nawahi" ukanyamaza. Sema ilianza lini, sema kuhusu kulala katikati, sema unaamka mara ngapi usiku, sema vidonge ni vingapi na kwa muda gani. Kama ulimi utakuwa mzito, mpe barua hii hii uliyoniandikia aisome.

Ukishapata jibu la sukari niandikie, na uniambie mkeo alisema nini.

Wako, Shangazi